Naomba ushauri: darasa la mchana lanishinda

Assalamu alaikum walimu wenzangu. Nafundisha Gredi ya 5 hapa kisiwani Lamu. Asubuhi watulivu, balaa ni baada ya chakula cha mchana, joto limepanda na wengine wameamka alfajiri. Kelele, kusukumana, na wawili watatu kule nyuma hawafungui hata daftari.

Kiboko sikitaki, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekikataza. Kuwasifu wanaojitahidi kumesaidia kiasi, ila wasifiwao ni walewale, wengine wananuna. Pointi za makundi zikazaa ugomvi (watoto wa Lamu na mashindano, mwajua wenyewe!).

Kuna aliyewaachia wanafunzi watunge kanuni zao? Mlianzaje? Na yule asiyejali sifa wala pointi, mlimvutaje?