Fizi zinazovuja damu, meno yanayolika na jino la kupandikiza: tupeane uzoefu

Kibogoyo Mtarajiwa

Wakuu, salaam. Nina miaka arobaini na kitu, meno yangu yote ninayo na hakuna hata moja lenye tundu. Sasa yale ya mbele chini yameanza kucheza. Nikiyasukuma kwa ulimi yanakwenda na kurudi. Hayaumi kabisa. Damu wakati wa kupiga mswaki ipo siku nyingi, na nyumbani kwetu kila mtu anatema povu la pinki, hakuna anayeshtuka.

Nimekwenda kwa daktari wa meno hapa Dodoma. Akachukua kafimbo kembamba kenye alama za milimita, akawa anakapenyeza kati ya jino na fizi huku akimtajia nesi namba: tatu, tatu, tano, sita, saba. Nikauliza namba za nini. Akasema ni kina cha mifuko iliyojitengeneza pale fizi ilipoachia jino. Mpaka tatu haina neno, kuanzia nne kwenda juu kuna tatizo. Picha nayo ikaonyesha mfupa umeshashuka. Ushauri wake ni kukwangua ugaga chini ya fizi kwanza, mengine baadaye. Jamaa zangu wanasema ng'oa hayo, pandikiza mapya, yaishe.

Naomba waliopitia waseme: fizi, meno kulika, kupandikiza. Wauza dawa za mitishamba na poda za kung'arisha meno, uzi huu tuachieni tafadhali.

Mama Nasra

Pole mwanangu. Mimi ni mgonjwa wa sukari wa siku nyingi, niko Tanga. Kliniki ya sukari wanatukagua miguu na macho, mdomo haguswi. Meno yalianza kunilegea moja moja, nikang'olewa magego matatu bila kuulizwa kama nina sukari. Aliyeuliza ni binti mmoja daktari, wa nne kuniona. Akanieleza kwamba haya magonjwa mawili yanachocheana: sukari ikipanda fizi zinashindwa kupambana, na fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu sukari nayo inagoma kushuka.

Nikakwanguliwa kwa ganzi, upande mmoja kisha mwingine. Ganzi ikiisha unasikia kama umekula mchanga wa moto, lakini siku mbili tatu yamepita. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kikashuka kidogo na dawa ni zile zile. Binti akasema ndivyo utafiti unavyoonyesha, kinashuka kwa wastani wa kama 0.4, tuseme kutoka asilimia 8.4 hadi 8.0. Si nyingi, ila kwa mtu anayehesabu kila tonge la ugali si haba. Kama hujapima sukari, pima.

Gego la Mwisho

Shikamoo Mama Nasra, umemaliza nusu ya darasa.

Niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno, basi yachukueni haya kama ya mwanafunzi. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi safi waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki mbili tatu wote fizi zao zilikuwa nyekundu na zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, na baada ya kama wiki moja wakapona. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba chanzo ni ule utando wa vijidudu unaoganda kwenye jino, na kwamba hatua ya mwanzo inarudi nyuma.

Lakini utamu uko kwenye utafiti uliofuata. Kuanzia 1970 Löe huyo huyo aliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na mazoea ya mswaki wala hawajawahi kuona daktari wa meno. Ugaga umejaa, fizi zimevimba karibu kwa kila mtu. Matokeo yakachapishwa 1986: asilimia 8 mifupa iliteketea mbio, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 ugonjwa uliishia kwenye fizi, haukushuka kwenye mfupa hata kidogo. Uchafu ule ule, watu tofauti.

Jirani zetu Kenya wana utafiti wao. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Mkenya Firoze Manji walipima watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65 huko Machakos, wakachapisha 1988. Zamani iliaminika Mwafrika asiye na mswaki wa dukani lazima amalize meno kwa ugonjwa wa fizi. Wao wakakuta utando na ugaga tele, ila mifuko mirefu ilikuwa kwenye chini ya moja ya tano ya sehemu walizopima, na sehemu kubwa ya uharibifu imewaangukia watu wachache. Nadhani utafiti huu ungefundishwa zaidi huku kwetu kuliko unavyofundishwa.

Ndiyo maana daktari wako, Kibogoyo, alipima jino kwa jino. Anatafuta wewe uko kundi gani. Sigara na sukari ndizo zinazomsogeza mtu upande mbaya. Unavuta?

Kibogoyo Mtarajiwa

Nilikuwa navuta. Sasa hivi ni moja moja nikikaa na watu. Sawa, usiniangalie hivyo.

Binti wa Ilala

Mimi langu ni meno kulika. Mimba zote mbili nilikuwa nakula pemba, ule udongo wa vijiti wanaouza sokoni karibu na dagaa. Sikuuacha hata baada ya kujifungua. Na embe bichi la ndimu na pilipili ndiyo usiseme. Maji ya baridi yakigusa meno najikunja. Ukitazama magego yangu, zile nundu za kutafunia hazipo, yako bapa kama sakafu, na katikati kunaonekana njano.

Daktari akanichorea. Lile gamba jeupe la juu likikutana na uchachu linalainika. Mate yanahitaji muda kulikaza tena. Ukitafuna udongo wenye chembe za mchanga hapo hapo, au ukikimbilia mswaki, unalikwangua likiwa laini. Njano ni tabaka la ndani, nalo ni laini zaidi, hivyo kuanzia hapo kasi inaongezeka. Na gamba likiondoka halioti tena, dawa ya meno iwe ya bei gani. Soda, ukwaju na kiungulia cha kila usiku, vyote kundi moja. Sasa hivi nikila kitu kichachu nasukutua maji, mswaki baada ya nusu saa au zaidi.

Akaniuliza pia nani analala na mimi. Nikashangaa! Kumbe anataka kujua kama nasaga meno usingizini. Mume wangu akacheka, akasema anajua tangu tulipofunga ndoa. Nimetengenezewa kinga ya plastiki, naivaa usiku.

Mmeru wa Juu

Dada, sisi wa huku mlimani Meru, Arusha, tulianza kuharibiwa tukiwa watoto. Maji ya kisima chetu yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania ilikaa miaka mingi na kiwango cha 4, kwa sababu ukishusha, vyanzo vingi vya kanda hii unavifunga. Meno yanaota tayari yana madoa ya kahawia, na yakizidi sana gamba linamomonyoka vipande. Magadi ya kulainishia makande nayo yanaongeza. Kituo cha Ngurdoto walikuwa wanachuja floridi hiyo kwa mkaa wa mifupa, na unafanya kazi. Shida ni kuubadilisha kila unapochoka.

Mimi meno ya mbele nimevalishwa kofia, yaani gamba bandia la kuyafunika. Watu wa Dar wanadhani hatupigi mswaki.

Kijana wa Makupa

Hamjambo nyote. Jino la kupandikiza ninalo, gego la chini, niliwekewa hapa Mombasa. Bei ukiisikia unashika shavu. Wanatoboa mfupa, wanaingiza skrubu ya titani, kisha unangoja miezi hadi mfupa uikumbatie, ndipo jino linafungwa juu. Daktari alinipigia hadithi nikisubiri ganzi: Per-Ingvar Brånemark, Mswidi, mwaka 1952 alikuwa anachunguza damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Kukitoa, hakitoki, mfupa umeshikana nacho. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, naye alikaa na meno yale hadi alipofariki 2006.

Hadithi tamu, nikaondoka nikijua nimepata jino la milele. Hakuna aliyenionyesha namna ya kulisafisha pembeni. Miaka michache baadaye fizi ikavimba, nikibonyeza usaha. Kliniki ile nikaipigia, wakasema skrubu yao haina kasoro. Kweli haina, haiozi. Mfupa unaoishika ndio ulikuwa unaliwa, na ugonjwa ni ule ule ulionitoa jino la kwanza! Daktari wa pili alikuta fizi zangu zote mbovu, akashangaa walinipandikizia vipi. Amenisafisha, skrubu imebaki, mfupa ulioondoka umeondoka.

Gego la Mwisho

Kaka, hujalogwa. Skrubu nyingi zinafika miaka 10 zikiwa bado mdomoni, zaidi ya tisa katika kila kumi. Ila tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha karibu mgonjwa mmoja kati ya watano anapata ugonjwa huo wa pembeni, na aliyewahi kuugua fizi yuko hatarini zaidi. Jino la kuzaliwa limening'inizwa kwa nyuzi kati yake na mfupa, nazo ni sehemu ya ulinzi na ndizo zinazokupa hisia unapong'ata kokoto. Skrubu haina nyuzi. Ndiyo maana anayesaga meno usiku, kama dada wa Ilala, anaweza kuivunja bila kusikia kitu.

Bob Jongoo

Na mswaki wa mti je? Babu yangu amekufa na meno yote.

Gego la Mwisho

Unafaa ukijua kuutumia. Shirika la Afya Duniani limeukubali tangu miaka ya 1980. Unaposhindwa ni nyuma ya meno ya chini na katikati ya jino na jino, hapo tafuta uzi au vijiswaki vyembamba.

Kibogoyo, usiyang'oe bado. Yakishasafishwa mengine yanakaza kiasi, na yakibaki yanacheza yanaweza kufungwa pamoja kwa nyuma kwa waya mwembamba na dawa ya kuzibia. Baada ya miezi kama miwili mitatu apime tena zile namba. Kupandikiza ni mazungumzo ya baada ya hapo.

Kibogoyo Mtarajiwa

Nimekuelewa, mkuu. Jumatatu naanza upande wa kulia. Mama Nasra, ile ganzi ikiisha ulikula nini siku ya kwanza? Uji tu, au hata ndizi za kupondwa zinapita?