Kwa nini ufashisti haukuzikwa pamoja na Mussolini?

Msomaji wa Historia: Ndugu zangu, kuna jambo linanitatiza. Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, aliuawa Aprili 1945, na katiba ya Italia ya 1948 ikakataza waziwazi kufufuliwa kwa chama chake. Iweje basi wafuasi wake, walioanzisha chama cha MSI Desemba 1946, wakae bungeni miongo kadhaa? Sheria haikuwaona, au iliwaona ikanyamaza?

Mzee wa Kumbukumbu: Ndugu, anza na msamaha wa Juni 1946, uliowahusu pia wafashisti na uliotolewa na waziri wa sheria Palmiro Togliatti, ambaye mwenyewe alikuwa kiongozi wa wakomunisti. Haukuwahusu waliotesa watu kwa ukatili uliokithiri. Lakini mahakimu wengi walikuwa walewale wa enzi ya Mussolini, nao wakaamua kesi baada ya kesi kwamba mateso yaliyotendeka hayakufikia kiwango hicho. Watesaji wakarudi makwao. MSI nacho kilikwepa tu jina la zamani, ingawa sheria ya 1952 ilikataza kufufuliwa kwa chama cha kifashisti kilichovunjwa.

Bi. Mtafiti: Naafiki, ila tusiishie kwa mahakimu. Tarehe 2 Agosti 1980, saa 4:25 asubuhi, bomu lililofichwa ndani ya sanduku lilipasua chumba cha kusubiria abiria katika stesheni ya treni ya Bologna, Italia, likaua watu 85 na kujeruhi zaidi ya 200. Magari ya wagonjwa hayakutosha, hivyo basi la abiria namba 37 likabeba maiti, madirisha yake yakiwa yamefunikwa kwa mashuka meupe. Waliotiwa hatiani ni wafashisti mamboleo wa kundi la NAR. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maofisa wa idara ya ujasusi ya kijeshi walipandikiza begi la vilipuzi ndani ya treni mnamo Januari 1981 ili kuwapoteza wapelelezi, nao pia wakahukumiwa.

Mkaazi wa Ughaibuni: Ujerumani ilikuwa kali zaidi, kwani mahakama ya katiba ilipiga marufuku SRP, chama cha wafuasi wa Unazi, mwaka 1952. Hata hivyo, kati ya 2000 na 2006 kundi la Wanazi mamboleo la NSU liliua wanaume tisa, wanane wenye asili ya Uturuki na mmoja Mgiriki, huku polisi wakiwasaka wauaji miongoni mwa jamaa za marehemu. Mei 2006 wafiwa waliandamana mjini Kassel wakidai asiuawe mtu wa kumi. Wa kumi aliuawa Aprili 2007, naye alikuwa askari polisi.