Wakuu, kaka yangu anasema mimi si mwananchi, ni mteja tu. Naombeni ushauri

Mtoa mada:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, kazi ninayo, ila juzi nilibishana na kaka yangu mkubwa na maneno yake hayajanitoka kichwani. Iko hivi, mimi ni mtu wa kuchagua, mtandao wa simu ukinizingua nahama, king'amuzi kikisumbua nakata, fundi akiniangusha mara moja namba yake nafuta na nyota moja nampa. Kumbe tabia hiyo hiyo nimeipeleka kwenye siasa bila kujua. Uchaguzi uliopita sikupiga kura, kaka akaniuliza kwa nini, nikamjibu hakuna aliyenivutia. Akasema "ungekuwa unanunua kiatu ningekuelewa".

Kilichouma zaidi ni ishu ya maji. Mtaani yalianza kukatika, watu wakawa wanakaa vikao, mimi nikanunua tangi na pampu nikamaliza mambo yangu. Tangu hapo sijaenda, nikiitwa natuma mchango tu. Lakini sabuni ya yule tajiri anayefadhili chama nisichokipenda nimeacha kununua mwaka wa tatu huu, na kila nikiiona kwenye rafu nikaipita najisikia nimeshafanya siasa ya siku hiyo. Hapo kaka alicheka mpaka akakohoa.

Je tatizo lipo kweli au kaka anapenda tu kuhubiri? Na kama lipo naanzia wapi? Matusi sitaki.

mzee_wa_gereji:
Kaka yako kakupa za uso. Mteja akichukia anaondoka kimya kimya maana duka la pili lipo, sasa bomba la mtaa duka la pili liko wapi? Na wanaoanza kuondoka ndio nyie wenye hela kidogo na namba za wakubwa, yaani wale wale ambao wakipiga kelele wanasikilizwa. Mkishajinunulia tangi, mlinzi na shule ya binafsi, kikaoni wanabaki wasiosikilizwa na mtu, huduma inazidi kuoza, halafu mnasema si mmeona vya umma ni vibovu. Hatua inayofuata utaanza kunung'unikia kodi kwa sababu unalipia kitu usichotumia. Nakwambia kwa kuwa nimeipita njia hiyo.

napita_tu:
Muacheni ale maisha, hela si zake?

dada_wa_hesabu:
Mimi kwenye sabuni sitakucheka, kuacha kununua ni siasa kabisa. Watu weusi wa Montgomery kule Alabama waligomea mabasi siku 381, kuanzia Desemba 1955. Ila angalia walichofanya pembeni: mikutano kanisani, magari ya kupokezana kupeleka watu kazini, na kesi iliyofika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo ndiyo iliyovunja ubaguzi kwenye yale mabasi. Wewe mgomo wako nani anaujua zaidi ya kaka yako? Mwenye kiwanda akiona pakiti moja imepungua atadhani harufu imekuchosha.

Kingine, Uingereza miaka ya 1790 watu walisusia sukari iliyolimwa na watumwa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele wakati kura hawana. Kapu la manunuzi ndiyo silaha waliyokuwa nayo. Wewe kura unayo, umeiacha nyumbani ukabaki na kapu.

mkongwe_77:
Tusimlaumu peke yake jamani, siasa zenyewe zinauzwa hivyo. Mwaka 1952 kampeni ya Eisenhower, aliyekuwa anagombea urais wa Marekani, ilimchukua Rosser Reeves, mtu wa matangazo ya biashara, wakatoa vitangazo vifupi vya TV vya kumnadi mgombea kama dawa ya meno. Ukinadiwa hivyo miaka na miaka na wewe unakaa kama mnunuzi, unasubiri ofa. Atokee mwanasiasa aseme ukweli kwamba hili linahitaji miaka mitano na wote tutaumia kidogo, huyo nyota moja.

Mtoa mada:
Hiyo ya pakiti moja imeniua 😂 Asanteni, nimeelewa, hata kama kaka simwambii. Sasa kikao ni Jumamosi na sijakanyaga miaka miwili, naingiaje bila aibu?

mzee_wa_gereji:
Ingia, kaa nyuma, saa ya kwanza usiongee. Na usiende na hela, maana ukitoa tu watakushukuru na wewe utajiona umemaliza. Uliza zamu ya kufuatilia barua ofisi ya maji ni ya nani, kisha jitolee ifuatayo iwe yako. Utakaa kwenye foleni, utaambiwa njoo kesho, na huwezi kuhama.

Mtoa mada:
Na tangi nifanyeje, niliuze?

mzee_wa_gereji:
Usiuze, unachizika? Funga koki wiki moja tu, muishi kama majirani zenu, ndiyo utajua cha kuongea kikaoni.

Mtoa mada:
Wiki nzima?? Ngoja nikaongee na wife kwanza.