Gobole la .50 kwa mita 200: upepo unatawanya risasi, niongeze baruti?

UyuiKusini:
Wakuu, habari za kazi. Swali linahusu gobole la kiwandani, linalowashwa na fataki ya 209 (kiwashio kidogo cha baruti) nyuma ya mtutu. Si yale ya bomba la maji.

Bunduki ina leseni, ni .50 (mtutu wa nusu inchi), mifereji ya mtutu inazunguka mara moja kila inchi 28. Chaji, yaani baruti ya risasi moja, ni greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti mbadala kwa kipimo cha ujazo, risasi ya greni 250 ndani ya saboti ya plastiki, ile ganda inayoivaa risasi mtutuni na kuanguka ikishatoka. Kasi mdomoni ni kama mita 540 kwa sekunde. Kwa mita 100 asubuhi, risasi tano zinakaa ndani ya sm 5. Kwa mita 200 saa nane mchana, ukingoni mwa mbuga, zimetawanyika sm 30 kwa upana na sm 20 kwa kimo. Wazo langu ni kupanda hadi greni 120 ili risasi ifike haraka, upepo usiipate. Niko sahihi?

FundiMtutu_TBR:
Mkuu, usiongeze kitu kwanza. Hapo una matatizo mawili na umeyapima kwa mkupuo mmoja. Kimo cha kundi la matundu kwenye shabaha kinakueleza habari za chaji, upana unakueleza upepo. Yatenganishe.

Anza na kimo. Kundi la sm 5 kwa mita 100 likienda sawasawa litakuwa sm 10 kwa mita 200. Wewe una 20, kwa hiyo kasi yako inapanda na kushuka kati ya risasi na risasi. Kwa mwendo huo risasi inashuka karibu sm 90 ikifika mita 200, na kila asilimia moja ya kasi inayopungua inaongeza mshuko kwa karibu asilimia mbili. Kasi ikitofautiana kwa mita 25 kwa sekunde, tayari ni sm 8 za kimo. Mita 100 hazikuonyeshi hilo, ndiyo maana kundi la karibu linadanganya watu wengi.

Weka kipimakasi mbele ya mtutu upige risasi tano, asubuhi kabla upepo haujaamka. Tatu hazitoshi, kundi la tatu huwa dogo kwa bahati tu. Tofauti ikizidi mita 15 kwa sekunde, tafuta sababu humu:

Baruti. Kikombe cha ujazo kinategemea umekigonga mara ngapi. Ukishapata chaji ya ujazo inayokubalika, imimine kwenye mizani, andika uzito wake, kisha zote zilizobaki uzipime nyumbani kwa uzito huohuo na kuzifunga kwenye vichupa vyenye kifuniko. Angalizo: greni za ujazo na greni za mizani hazilingani kwa baruti mbadala. Baadhi yake, "100" za ujazo ni 70 tu kwenye mizani. Ukichanganya hizo mbili umejitegea bomu.

Kushindilia. Weka alama kwenye mdeki (fimbo ya kushindilia) pale unapolingana na mdomo wa mtutu risasi ikiwa imekaa juu ya baruti. Kila risasi ifike kwenye alama, kwa mkono wenye nguvu ileile. Ikibaki nafasi kati ya baruti na risasi, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, hilo halina mjadala.

Masizi. Baada ya kila risasi, kitambaa kimoja chenye unyevu kidogo kwenda na kurudi, kisha kikavu. Kikilowa sana, maji yanasukumwa hadi kwenye tundu la fataki na risasi inayofuata inachelewa kuwaka. Ikichelewa, shikilia bunduki ielekee shabaha kwa dakika nzima kabla ya kuigusa. Na usimimine baruti mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa. Cheche moja iliyobaki ndani inatosha.

Joto. Hili la Tabora Septemba na Oktoba watu hulisahau. Mtutu ukiwa wa moto, plastiki ya saboti inalainika na inashika mifereji vibaya. Bunduki ikae kivulini hadi uweze kushika mtutu bila kuondoa mkono. Kisha nenda mbele ya mtutu mita 10 hadi 20 uokote saboti zilizoanguka. Mabawa yake yakiwa yamefunguka sawa, vizuri. Yakiwa yamechanika upande mmoja au kitako kimeungua, weka kizibo cha sufi chini ya saboti au badilisha aina.

Kaliua_Porini:
Fundi umemaliza upande wa chaji. Kwa upepo mimi nasema funga utepe kwenye shabaha, usome pale risasi inapogonga. Huko ndiko risasi imechoka na ndiko inasukumwa zaidi.

MwangaKigoma:
Hapana, Kaliua. Risasi ikishapewa mwelekeo wa pembeni mwanzoni inaendelea nao hadi mwisho wa safari. Upepo wa nusu ya kwanza ya njia una mchango wa karibu robo tatu ya msogeo wote, ukiwa sawa njia nzima. Utepe ulioko mita 30 hadi 80 kutoka kwako una maana kuliko ule wa kwenye shabaha. Weka tepe tatu: mita 40, 100 na 160, kwa kimo cha njia ya risasi, si chini kwenye majani.

Na UyuiKusini umesema ukingoni mwa mbuga. Hapo ndipo penye mtego. Ukipiga kutoka ndani ya miombo, utepe wa karibu umelala, lakini risasi ikitoka kwenye miti inakutana na upepo wa uwanda. Sogeza benchi nje kabisa, la sivyo utakuwa unapima msitu.

Msogeo unahesabika. Chukua muda halisi wa risasi kufika, toa muda ambao ingetumia kama isingepunguza kasi hata kidogo, zidisha kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Kwa risasi yako: mita 200 gawa kwa 540 ni sekunde 0.37. Muda halisi kwa risasi ya umbo lile ni kama sekunde 0.435. Baki ni 0.065. Upepo wa mita 2 kwa sekunde unasogeza sm 13, wa mita 5 unasogeza sm 32. Kwa hiyo upepo ukipanda na kushuka kati ya 2 na 5 wewe ukilenga palepale, sm 19 zimeongezwa juu ya kundi lako la sm 10. Ndizo hizo 30 zako, hakuna uchawi.

Upepo wa mshazari usiuhesabu mzima: ukija kwa nyuzi 45 kutoka mstari wa kulenga chukua sehemu 7 kati ya 10, kwa nyuzi 30 chukua nusu.

Ndiyo maana greni 120 hazitakusaidia sana. Utapunguza sentimita chache, utapata teke kubwa na huenda kimo kikaharibika tena. Na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki. Risasi ndefu yenye ncha kali na kitako kilichochongoka inapunguza msogeo karibu theluthi kwa baruti ileile. Pesa iende huko. Anayetumia gololi ya madini ya risasi iliyofungwa kitambaa ndiye mwenye shida kuliko wote: upepo wa mita 4.5 kwa sekunde unaisogeza karibu robo mita kwa mita 90 tu.

FundiMtutu_TBR:
Niongeze mawili. Bunduki ikiinama upande kwa nyuzi 5, mita 200 unapoteza sm 8 pembeni, na utaapa ni upepo. Bandika kipimamaji kidogo kwenye darubini.

La pili, wanaotumia programu za simu za kukokotoa njia ya risasi. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na shinikizo halisi la hewa hapa ni kama hektopaskali 880. Utabiri wa hali ya hewa unakupa namba iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari, zaidi ya 1,000. Ukiiingiza hiyo, programu inadhani hewa ni nzito na inakupa msogeo mkubwa kuliko ulio kweli. Kigoma ziwani ni kama mita 770, kwa hiyo jedwali la Tabora msilibebe lilivyo.

UyuiKusini:
Nimewaelewa wakuu. Sasa upepo wenyewe nijaribu saa ngapi, na nitajuaje umbali wa mwisho wa kupiga mnyama?

MwangaKigoma:
Chaji ijaribiwe alfajiri hadi saa mbili. Upepo ujaribiwe kuanzia saa nne, kiangazi huku bara unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo panga uwanja uelekee kaskazini au kusini ili ukupige ubavuni. Kwetu ufukweni unageuka: asubuhi unatoka nchi kavu, mchana unatoka ziwani. Chamchela (upepo wa kuzunguka wenye vumbi) ikipita, subiri, usiihesabu.

Piga risasi tano ukilenga palepale, na kwa kila moja andika namba iliyosomwa na kipimaupepo wakati wa kufyatua. Rudia kwa mita 100, 130, 160 na 200. Usirekebishe darubini katikati ya kundi, utavuruga kila kitu.

Kwa pala, sehemu ya moyo na mapafu ihesabu sm 20. Umbali wako wa mwisho ni pale ambapo kundi zima, pamoja na kosa la kusoma upepo kwa mita 2 kwa sekunde, bado linaingia humo. Kwa namba zako za leo, 200 haipo. Ukishapunguza kimo cha kundi, anza kupima mita 130.

Kaliua_Porini:
Sawa Mwanga, nimekubali la utepe. Ila ule wa kwenye shabaha siutoi, unaniambia chamchela imefika.