Picha ya pwani kwa rangi za mafuta: ufukweni inang'aa, nyumbani inakuwa na kiza

Mchoraji wa Bagamoyo:
Ndugu wanajamvi, baada ya miaka kadhaa ya akriliki nimehamia kwenye rangi za mafuta, nikichorea palepale ufukweni badala ya kunakili picha za simu. Mambo mawili yananishinda. Picha ambayo ufukweni naiona imekaa vizuri, nikiitundika nyumbani inakuwa nzito na yenye kiza, mchanga mweupe ukafanana na udongo. La pili ni maji: naanza mashua zikielea, na kabla sijamaliza anga zimekwisha kulala ubavu kwenye tope. Je, niyafuate maji au nibaki na nilichoanza nacho?

Fundi Turubai, Mombasa:
Bila shaka turubai lako limesimama juani. Jua la pwani likiipiga rangi moja kwa moja, huonekana nyangavu kuliko ilivyo, nawe bila kujua unaichanganya iwe nzito zaidi ili ilingane na unachokiona. Ukiingia chumbani, mwanga ule wa kuazima haupo tena, kimebaki kiza ulichokipaka mwenyewe. Turubai na ubao wa kuchanganyia rangi viwe kivulini vyote viwili, chini ya mwavuli mweupe au wa kijivu, maana mwekundu utakudanganya vibaya zaidi. Ufukwe wenu unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua hupenya kwa nyuma ya turubai. Lizibe kwa kadibodi. Mimi ningechora alasiri, matanga yanapopokea mwanga kwa mbele, na mwavuli ningeuchomeka mgongoni.

Mwana wa Nungwi:
Kuhusu maji, ndugu yangu, kosa si la mkono wako bali ni la wakati uliouchagua. Maji hayaendi kwa mwendo mmoja: yakikaribia kujaa au kupwa kabisa hutulia, na katikati ya hapo, kiasi cha saa tatu tangu yageuke, ndipo hukimbia. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa huku kwetu hufika karibu mita 4, na kwenye ufukwe wa mteremko mdogo hiyo ni safari ndefu ya mchanga. Chora siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, au uwe umeshafika muda wa saa moja kabla hayajapwa kabisa. Anza na mstari wa maji pamoja na vivuli vya mashua, kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha usiviguse tena hata maji yakikushawishi. Usipomaliza, kesho saa ileile haitakufaa, kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Rudi baada ya siku 14 au 15, utayakuta karibu palepale ulipoyaacha.

Bibi Paleti:
Claude Monet, mchoraji Mfaransa, naye aliyapuuza maji. Mwaka 1885 huko Étretat, Ufaransa, alidhani bado yanapwa, wimbi likambamiza kwenye jabali na kumburuta pamoja na vifaa vyake. Picha yake ya ufukwe wa Trouville ya mwaka 1870, iliyoko National Gallery, London, ina chembe za mchanga ndani ya rangi hadi leo. Nawe kusi likikurushia mchanga, usiufute rangi ikiwa mbichi, kwani utaisambaza. Iache ikauke, kisha uuparuze taratibu. Kwa mwavuli sikubaliani sana na Fundi: wakati wa kusi hugeuka tanga na kuondoka na kila kitu. Tafuta kivuli cha mvinje, na chini ya stendi ning'iniza mfuko uliojaa mchanga.

Mchoraji wa Bagamoyo:
Ahsanteni sana. Jana nimechora chini ya mvinje, maji yakiwa yametulia, na usiku chini ya taa mchanga umebaki mweupe. Kilichoniangusha safari hii ni kivuli cha ngalawa: nilikipaka cheusi, kumbe kwenye mchanga uliolowa kilikuwa kimebeba buluu ya anga.