Mrejesho: Yule wa Paje, Zanzibar, aliyeuliza kuhusu cheti cha ukocha wa mazoezi

Assalaam alaykum. Mwaka jana niliuliza hapa: niache kazi ya hoteli niwe kocha wa mazoezi? Wengi mlinijibu nipate cheti kwanza, kazi nisiiache. Nilifuata.

Nilichagua cheti cha ACE, shirika la Marekani linalotoa vyeti vya ukocha wa mazoezi. Kabla ya mtihani wanataka cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, kile cha kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo umesimama, nikaanza na hicho. Mtihani wenyewe ni maswali 150 kwa saa 3, na kufaulu ni alama 500 katika kipimo cha 200 mpaka 800. Nilifanyia nyumbani, msimamizi ananitazama kwa kamera. (Roho yangu ilikuwa kwenye umeme kuliko maswali, wallahi.) Mara ya kwanza nilianguka. Mimi najua kunyanyua vyuma, lakini misuli na viungo kwa majina yake vilinitoa jasho. Mara ya pili, alhamdulillah.

Jimu moja ya mjini iliniahidi nusu ya malipo ya kila mteja, mwezi ukiisha naambiwa subiri. Nikatoka.

Sasa nafundisha kinamama sita Mwanakwerekwe, huku huku Unguja, alfajiri baada ya sala, uani kwa mmoja wao. Wawili wana presha, kwa hiyo nawauliza daktari kasemaje kwanza, na siwaachi wabane pumzi wakinyanyua. Jioni nafundisha wageni wawili Paje. Hao ndio wanaolipa vizuri.

Hotelini bado nipo, siku tatu kwa wiki. Bi mkubwa aliyenambia hapa "usikate tawi ulilokalia", shukrani sana.