Nisaidieni kuitambua weifa hii: ni Pentium kweli?

Chipu_Kasubi (Kampala)
Wandugu, habari za wikendi. Mwaka wa sita huu nakusanya prosesa za zamani, zile chipu zinazoendesha kompyuta, nyingi nikiziokoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pale Katwe. Weifa, ile sahani ya silikoni inayobeba chipu nyingi kabla hazijakatwa, sikuwahi kuishika mpaka Jumanne. Muuzaji ameifunga kwa gazeti, anasema ni ya Pentium, prosesa ya Intel ya 1993, ambayo haijakatwa, na anataka shilingi 350,000. Kwa kuwa tunajuana, ameniachia mpaka Jumamosi.

Ina upana wa sentimita 15, na ukingo mmoja umenyooka. Ukiigeuza dirishani inang'aa zambarau, mara kijani, mara dhahabu. Chipu zake zote ni mistatili ya milimita 4 kwa 9, na baadhi zina nukta nyeusi ya wino. Nimeiweka chini ya hadubini ya shule ya binti yangu, giza tupu. Ina vumbi pia, nipanguse? Pesa hiyo ni karo, sitaki kukosea.

Fundi_Mbale
Usipanguse, ndugu yangu, nakuomba! Vumbi likiburutwa na kitambaa linachora mikwaruzo ambayo haitoki, na mafuta ya vidole yanaharibu alumini iliyo wazi pembezoni mwa kila chipu. Puliza kwa kile kipira cha kusafishia lenzi za kamera, si kwa mdomo, mate yataruka. Ishike ukingoni tu, juu ya kitanda au godoro. Silikoni ni fuwele, ikianguka sakafuni umeipoteza.

Hadubini ya shule inamulika kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga tunaouona. Zima taa yake, mulika tochi ya simu kutoka juu kwa mshazari, anza na lenzi dhaifu kabisa.

Nukta za wino zinanifurahisha. Kiwandani walizipima chipu zikiwa bado kwenye weifa, zilizofeli zikatiwa wino ili zitupwe baada ya kukatwa. Kwa hiyo yako ilifika kwenye vipimo, si sahani tupu ya majaribio.

Mama_Saketi (Jinja)
Kaka, rula yako imeshajibu. Pentium ya kwanza, ile ya 1993 yenye transista (swichi ndogo sana) milioni 3.1, ilikuwa na eneo la karibu milimita mraba 294, yaani kama milimita 17 kila upande. Chipu yako ni milimita mraba 36. Weifa ya sentimita 15 haiwezi kubeba Pentium hizo hata 60, maana za pembeni zinakatika. Hebu zihesabu chipu zako.

Pia angalia sura yake. Prosesa haifanani pande zote: hapa eneo la mstatili uliotulia, pale vurugu ya nyaya. Memori, chipu ya kutunza data, ni kama shamba la chai, mistari ileile mwanzo mwisho.

Mzee_Arua
Mwanangu, upana peke yake usikudanganye. Prosesa ya Intel 4004 ya 1971 ilitengenezwa kwenye weifa za inchi 2, za milimita 200 zikaja mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini hizi za 150 zinatumika hata leo. Tafuta maandishi madogo kwenye kona ya chipu. Ukiona herufi M ndani ya duara, mchoro wa saketi zake ulilindwa kwa sheria ya Marekani ya 1984. Mwaka ulio kando yake ni wa mchoro, weifa yenyewe inaweza kuwa imetoka miaka kadhaa baadaye.

Chipu_Kasubi (Kampala)
Nimerudi. Tochi ya mshazari imefanya kazi, mikono ilinitetemeka! Chipu zinazidi 400. Kila moja ina vitalu vinane vinavyofanana kabisa, vimepangwa vinne vinne, na ukanda mwembamba katikati. Kwenye kona kuna M ndani ya duara na 1988. Jina la kampuni sijaliona.

Mama_Saketi (Jinja)
Hiyo ni memori, kaka. Nzuri, lakini si prosesa. Usilipe bei ya Pentium.

Chipu_Kasubi (Kampala)
Ahsanteni sana. Leo asubuhi nilimwonyesha muuzaji picha, naye akaangalia kwa makini; hakuwa amenidanganya, aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Tumekubaliana 80,000. Kwenye lebo nitaandika "memori, mchoro wa 1988" na kuacha nafasi ya jina la kampuni. Mzee, kona tatu bado sijazimulika, nitazimaliza usiku huu.